Darasa Nililomrusha Mdogo Wangu

Mama hakujua kusoma, lakini karatasi ya sheria za shule aliweza kuisema yote bila kukosa. Nilimsomea mara moja tu, siku mdogo wangu wa kike alipoandikishwa mwaka wa kwanza, naye mama akipepeta maharage uani kwetu Majengo, mjini Goma. Kesho yake akaanza kutuamrisha kwa maneno ya karatasi ile. Mwanafunzi anafika kabla ya bendera kupanda. Nywele zinyolewe, wavulana na wasichana sawasawa. Kucha fupi. Shati jeupe, sketi ya buluu, viatu vya kufunga, sapatu hapana. Ndani ya ua wa shule ni Kifaransa tu. Tuliibandika karatasi ukutani kwa bugali, ule ugali wa muhogo, na mende walipokula pembe zake, mama alijua ni sheria ipi imeliwa.

Chini kabisa palikuwa na sehemu ya wazazi. Mzazi atie sahihi kwenye daftari kila Jumamosi. Mzazi aje anapoitwa, asitume mtoto wala jirani. Mzazi asiyekuja mara ya tatu, mwanafunzi abaki nyumbani.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomnyima mama raha. Alikuwa mchuuzi wa maharage. Jumatatu anapanda gari kwenda Masisi au Rutshuru, kutegemea ni njia ipi askari wameifungua wiki hiyo, na kurudi ni Alhamisi, pengine Ijumaa. Baba alikuwa dereva wa lori, mtu wa asili ya Maniema. Aliingia njia ya Kisangani wakati wa vita vya kwanza, barua zikaja mbili, kisha hazikuja tena. Kwa hiyo mzazi nilikuwa mimi. Tangu nikiwa na miaka kumi na sita nilitia sahihi, niliitikia mwito, nilikaa kwenye mabenchi madogo pamoja na akina mama wenye watoto mgongoni. Walimu walinizoea. Mdogo wangu aliniita yaya, kama kila mtu wa kwetu anavyomwita mkubwa wake, lakini shuleni akiulizwa mzazi wako nani, alinyoosha kidole kwangu bila kufikiri.

Nilipomaliza sekondari nilianza kuumwa na njia. Sijui niseme namna gani nyingine. Nikiona lori linapakia kwenda Butembo, miguu inawasha. Kulikuwa na rafiki wa baba aliyekuwa na duka la vitenge Kampala. Alinitumia neno kwamba anataka kijana anayejua kuandika, na kwamba hawezi kungoja sana. Nikamwambia mama.

"Utaenda," mama alisema. "Nani amekukataza? Mutoto akimaliza ya sita, unaenda. Ukienda mbele amalize, ile shule itamufukuza juu ya kukosa mzazi, na mimi siko na mutu mwingine."

"Mama, yuko ya nne. Inabaki karibu miaka mitatu."

"Mitatu ni nini? Mimi nangoja baba yako mwaka wa ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole: nusu ya pili ya mwaka wa nne, mwaka wa tano, mwaka wa sita. Tangu siku ile sikumtazama tena mdogo wangu kama zamani. Nilimtazama kama mtu anavyotazama kizuizi cha barabarani, akingoja kamba ishushwe.

Kisha volkano ikashuka.

Habari za siku ile zimeshasimuliwa na wengi waliopoteza zaidi yangu. Mama alikuwa Rutshuru, na moto ukakata njia katikati yetu. Nilifunga karatasi zetu ndani ya mfuko wa plastiki: diploma yangu, vyeti vya kuzaliwa, na buletini, karatasi ya pointi za mdogo wangu ya mwaka wa nne, ya muhula wa kwanza, tuliyokuwa tumeipokea kabla ya likizo. Alikuwa wa tatu kwa watoto hamsini na wawili. Tukavuka mpaka kuingia Gisenyi pamoja na mji mzima. Njia yote alishika upindo wa shati langu, na nilipomwambia abadilishe mkono kwa sababu shati linachanika, alibadilisha mkono, hakuliachia. Siku ya nne mama alitukuta. Tuliporudi, volkano ilikuwa imesimama nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ukuta wetu ulikuwa mzima. Hata karatasi ya sheria ilikuwa pale pale.

Shule haikuwa pale. Ofisi na madarasa manne yalikuwa chini ya mawe, pamoja na kabati lenye madaftari yote: majina, pointi, miaka, nani yuko darasa gani.

Majuma yakapita. Waasi waliokuwa wakiutawala mji wakatangaza redioni kwamba watoto warudi shuleni. Turubai za msaada zikafungwa juu ya miti, kwenye mawe yale yale yaliyokuwa bado na joto ndani yake. Mvua ikinyesha, uwanja wote ulitoa mvuke kama chungu. Direkta, mkuu wa shule, akaita wazazi. Sheria ya siku hiyo ilikuwa fupi: mwenye buletini ailete, asiye nayo, mwalimu wa mtoto athibitishe, na kama mwalimu naye hayupo, basi neno la mzazi ndilo buletini. Watoto wakae upande ule, wazazi wapange mstari upande huu.

Nilipanga mstari nikiwa na buletini ndani ya shati, imelala kwenye tumbo. Naapa kwamba nilipotoka nyumbani nilikuwa nimekuja kuionyesha.

Mbele yangu kulikuwa na mama muuza samaki, mwenye sauti ya sokoni.

"Wangu alikuwa ya pili," alisema bila kujificha. "Leo anaingia ya tatu. Nani ataleta ushahidi?"

"Mama, weye ogopa Mungu," akasema muzee mmoja nyuma yangu.

"Muzee, nimemuogopa sana, na nyumba ikaungua. Weye hauone? Volkano njo inspekta mwaka huu. Imepasisha wote!"

Mstari mzima ukacheka. Tulikuwa hatujacheka hivyo tangu moto. Hata muzee yule alicheka, akafuta macho. Yule mama akanigeukia, akaniita papa, yaani baba.

"Na weye, papa mudogo? Wako ni ya ngapi?"

"Ya tano," nikasema.

Neno lilitoka lenyewe, kama mtu anayeonja mchuzi kabla ya kuamua kuula.

"Ya tano? Basi mwaka kesho ya sita, unapumzika."

Neno hilo, unapumzika, nililisikia mpaka kwenye nyayo. Kutoka pale mpaka kwenye meza ya direkta palikuwa na watu saba. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kubadili mawazo, na kila mtu aliyetoka mbele yangu nilizidi kutobadili.

Meza ilikuwa ubao juu ya mawe mawili. Direkta alivaa tai, na kiatu chake kimoja kilikuwa kimeyeyuka soli upande. Nilikuwa namheshimu. Ndiye aliyenifundisha mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo, kwenye shule nyingine.

"Buletini?"

"Iliungua, bwana direkta."

"Nyumba yenu iliungua?"

"Upande."

Akaniangalia. "Mwalimu wake?"

Nikamtaja mwalimu wa mwaka wa nne kana kwamba alifundisha wa tano, kwa sababu nilijua amekimbilia Bukavu na hajarudi. Direkta alikuwa mpya shuleni pale, alihamishiwa kwetu miezi michache kabla, na majina ya walimu wake wote hayakuwa yamemkaa. Akashusha pumzi.

"Leo neno lako njo buletini. Unanisikia? Usiniharibie daftari."

"Ya tano," nikasema.

Akaandika. Nikatia sahihi yangu pale palipoandikwa mzazi, sahihi nzuri, yenye mkia.

Nilienda kumchukua mdogo wangu. Alikuwa amekaa juu ya jiwe na wenzake, anakunja sketi chini ya mapaja ili jiwe lisimchome. Nilikuwa nimejua tangu kwenye mstari kwamba yeye ndiye atakayeniangusha, kwa sababu alikuwa mtoto asiyesema uongo. Ilibidi nimpe kitu cha kusema ambacho yeye mwenyewe angekiamini.

"Direkta ameangalia pointi zako," nikamwambia. "Amesema ya nne ni ndogo juu yako. Umerushwa. Unaingia ya tano."

"Mimi?"

"Weye."

"Amesema na kinywa yake?"

"Amesema, huyu mutoto iko na akili ya kupita wenzake."

Akaweka mikono miwili mdomoni. Kisha akageuka kuelekea ile meza, mbali, ambako direkta alikuwa ameinama juu ya daftari, akakunja magoti kidogo kama msichana anavyomsalimu mkubwa. Direkta hakumwona.

Nikamwambia anisubiri, nakwenda kujisaidia. Nyuma ya turubai palikuwa na ufa kwenye mawe, unatoa joto. Nikaikunja ile buletini mara nne, nikaisukuma ndani kwa kijiti. Haikuwaka mara moja. Iligeuka rangi ya chai kwanza, na niliiona nambari tatu, kwa wino mwekundu, kabla moto haujaifikia.

Mama aliporudi Alhamisi, mdogo wangu alimpokea njiani. Mama hakuuliza chochote. Alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Alikaanga mandazi, akatuma sahani kwa watu wa pande zote, hata kwa familia ya Wakristo wa Masisi waliokuwa wamelala chini ya turubai baada ya nyumba yao kuungua. Mji ulikuwa umefunikwa na mawe meusi, na mama yangu alikuwa anagawa sahani za furaha. Nami nilizibeba. Niliambiwa hongera kwenye kila mlango.

Mwalimu wa mwaka wa tano alikuwa mama mmoja wa Rutshuru, mwenye sauti ndogo na sheria nzito. Baada ya kila imla ya Kifaransa, aliyepata chini ya nusu alipiga magoti nje, kwenye changarawe ya volkano, mpaka kengele. Mdogo wangu hakuwa amewahi kupiga magoti shuleni. Juma la kwanza alipiga mara mbili. Juma la pili, sikumbuki. Walikuwa kwenye sehemu na desimali, mambo ambayo yeye angeyafikia baada ya mwaka mzima. Alikariri majibu bila kujua njia, kama mtu anayeimba wimbo wa lugha asiyoielewa. Jioni alikaa nami na daftari.

"Yaya, hii inatoka fasi gani?"

Nilimweleza. Nilijua hesabu vizuri. Lakini ili aelewe, ilibidi nimfundishe kwanza kitu cha chini yake, na chini ya hicho kingine, na baada ya nusu saa nilichoka, nikamwandikia jibu.

Changarawe ile ina meno. Aliporudi magoti yakiwa yamechubuka, nilimwosha kwa maji ya chumvi, naye alivumilia. Nakumbuka nilichomwambia, na afadhali nisingekumbuka. Nilimwambia, vuta sketi chini, mama asione.

Kisha daftari likaja na maneno mekundu: mzazi afike. Nikafika. Mwalimu alinikalisha kwenye benchi la mbele, akazungumza polepole.

"Papa, huyu mutoto ni mupole, tena anajikaza. Lakini kugawanya hajui. Ya nne yote walifanya nini?"

"Vita, mama mwalimu. Walikosa siku mingi."

"Wenzake nao walikosa." Akasita. "Tena kuna kitu kingine. Anasema direkta alimurusha darasa. Anaambia wenzake vile. Nimetazama daftari, siione fasi imeandikwa. Ni weye ulimuambia?"

Mlango ulikuwa wazi. Mwanamke yule alikuwa amenifungulia, na hakukuwa na mtu mwingine darasani. Kama ningesema ndiyo, mdogo wangu angerudishwa kwenye darasa lake siku ile ile, na hakuna ambaye angekumbuka baada ya mwezi. Nilifikiria lile duka la vitenge.

"Mutoto anaota, mama mwalimu," nikasema. "Tangu volkano, anasema mambo mengi."

Uso wake ukalegea kwa huruma. "Pole. Hakuko peke yake. Iko wengine wanaamka na kilio. Basi sitamukatalia. Aamini tu, kama inamusaidia."

Tangu siku hiyo hakumpigisha magoti tena. Pia hakumwuliza swali tena. Alimhamishia nyuma, karibu na mlango wa turubai, apate hewa. Mdogo wangu alikaa pale mwaka na nusu, kwa sababu mwalimu yule yule alipanda nao hadi mwaka wa sita, na katika muda wote huo hakuitwa ubaoni hata mara moja.

Mama naye alitafuta njia yake. Alisema ni mshtuko, moto umeichukua akili ya mtoto ikabaki njiani kati ya Goma na Gisenyi. Akampeleka kwa mwalimu wa madrasa, muzee mwema, akamwandikia kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ikaoshwa kwa maji, mtoto akanywa. Kila Ijumaa. Mimi ndiye niliyempeleka mama alipokuwa safarini.

"Ni chungu?" nilimwuliza mara moja.

"Hapana." Aliramba midomo. "Ni ya kurudisha akili. Yaya, direkta anajua imepotea?"

"Hajui."

"Usimuambie."

Sikumwambia.

Mwisho wa mwaka wa sita alifanya mtihani wa taifa. Majina ya waliopita yalibandikwa kwenye mbao za shule mpya iliyojengwa. Alikwenda peke yake, hakutaka tufuatane. Aliporudi mama alikuwa anafunga magunia. Hakulia. Alisimama mlangoni na shati lake jeupe, akasema:

"Mama, direkta alikosea juu yangu."

Mama alimvuta, akamfuta uso uliokuwa mkavu. Mwaka ule hakurudishwa shule. Mama alisema mtoto ameteseka vya kutosha, afadhali ajifunze maharage. Nilikuwepo. Nilikuwa mzazi kwenye daftari. Ningeweza kusema, arudi ya tano, mimi nitabaki. Nilisema, mama anajua zaidi.

Amri ilikuwa mutoto akimaliza ya sita, na ya sita ilikuwa imekwisha. Siku ya tisa baada ya matokeo nilipanda lori la Butembo. Mdogo wangu ndiye aliyenibebea mfuko mpaka kwenye maegesho. Alikuwa na miaka kumi na moja na miezi.

"Umengoja sana juu yangu, yaya," akasema. "Sasa enda."

Nimekaa Kampala, Kasese, Kigoma, Mwanza, Bunia, na mahali pengine ambako hata jina halifai kuandikwa. Hakuna nilipokaa zaidi ya miaka minne. Watu hufikiri mtu wa kuhamahama hana pa kukumbuka. Mimi kila mji nilioingia niliutafutia kitu cha Goma, moshi wa makaa, baridi ya asubuhi, harufu ya mawe baada ya mvua. Na kila mji una shule, na kila shule ina mlango unaofungwa asubuhi. Nilikuwa nikiona mtoto aliyefungiwa nje, nabadilisha njia. Vita vilipanda na kushuka kule nyumbani, waasi wa jina hili wakatoka, wa jina lile wakaingia, nami nilipiga simu kuuliza kama wako salama. Nilituma vitenge. Lile moja sikulisema. Nilijiambia kwamba mambo kama yale hayasemwi kwenye simu, na nilipokuja nyumbani nikajiambia kwamba hayasemwi mbele ya wageni.

Mama alifariki mwaka uliofuata ule volkano iliposhuka mara ya pili, ikasimama karibu na Munigi. Alifariki akiamini kwamba moto ndio uliomharibia binti yake akili.

Nilikuja kwa matanga, nikabaki kwa mdogo wangu, mtaa wa Keshero. Ameolewa na dereva, ana watoto wanne, ana duka la maharage na unga ambalo analiendesha kwa kichwa, bila kuandika. Mtu akinunua vitu sita vya bei tofauti, anakwambia jumla kabla hujafungua mkoba. Mwanawe wa tatu yuko mwaka wa nne. Siku moja asubuhi alinipa karatasi kutoka shule ya mtoto. Buletini hazitolewi kwa watoto. Mama au baba aje mwenyewe, na ajaze upya fomu ya mwanafunzi.

"Weye uende," aliniambia. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, kapu katikati ya miguu. "Weye unajua kukuwa mzazi mbele ya walimu."

Hakusema kwa kejeli. Ndiyo maana iliniuma.

"Wanataka mama au baba yake."

"Mimi siende kule. Mambo ya shule anaenda baba yao, na sasa iko safarini. Wale watu wananiogopesha." Akacheka kidogo, akarusha bua. "Mimi nilirushwa darasa, watoto wangu wanajua. Nawaambia kila siku: mama yenu direkta mwenyewe alisema iko na akili. Halafu nikaangusha mutihani. Sasa nitaingia na uso gani?"

Basi nikamwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa miaka ishirini, na yalipotoka hayakufuata mpangilio wowote. Nilimwambia mstari, mama muuza samaki, duka la Kampala. Nilimwambia buletini ilikuwa ndani ya shati. Nilimwambia mwalimu wa Rutshuru aliniuliza, na nilichomjibu. Nilidhani, na hili ndilo linalonionyesha jinsi nisivyomjua, nilidhani nampelekea zawadi. Kwamba atashusha mzigo, atasema, kumbe sikuwa mjinga.

Aliacha kuchambua. Alikaa na jani moja mkononi.

"Kwa hiyo direkta hakusema."

"Hakusema."

"Ata hakuniona."

"Hakukuona. Lakini ulikuwa wa tatu. Kwa watoto hamsini na wawili. Niliona na macho yangu."

"Ya nne?"

"Ya nne, muhula wa kwanza."

"Karatasi iko wapi?"

Alikuwa anajua iko wapi, nilikuwa nimemwambia punde tu. Alitaka niseme tena.

"Niliichoma."

"Yaya." Alisema taratibu sana, kama anamweleza mteja. "Nilikuwa na kitu kimoja. Watu wakinicheka sokoni, juu ya kushindwa kusoma karatasi ya ushuru, nilikuwa nasema ndani ya roho: siku moja mutu mukubwa aliniangalia, akaniona. Nimeishi na ile. Sasa nayo umechukua."

Nikasema unisamehe. Nilisema zaidi ya mara moja. Alimaliza sombe yote, bua kwa bua, akaosha mikono. Kisha akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amefunga kitenge kipya, na kilemba.

"Uniongoze njia," akasema. "Mimi siijue ile shule."

Ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Alitangulia, mimi nikimwonyesha kwa nyuma: kushoto, sasa kulia. Darasani kulikuwa na wazazi wengine kwenye mabenchi. Mwalimu, kijana mwenye adabu, alimsalimu kwa Kifaransa.

"Mwalimu, tuongee Kiswahili," mdogo wangu akasema.

"Hakuna shida, mama." Akafungua fomu ya mwaka uliopita, iliyojazwa na mume wake. Akasoma kazi ya mama, makazi, dini. "Masomo ya mama: mwaka wa sita. Hatubadilishi, sivyo?"

"Badilisha. Andika ya tatu."

"Ya tatu?" Kijana alinyanyua kichwa. "Mama, haitamuzuia mutoto kitu. Tunaweza kuacha vile."

"Nilisoma ya tatu, na nusu ya ya nne. Kutoka hapo nilikuwa nakaa tu."

Mwalimu alitabasamu. "Nusu haina fasi hapa kwa fomu."

"Basi ya tatu."

Akaandika. Kisha akanitazama mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni. "Na papa huyu? Ni mzazi?"

"Huyu ni yaya yangu," mdogo wangu akasema. "Amenisindikiza tu. Mzazi ni mimi."

Mwalimu akamsogezea fomu, akamwonyesha mstari wa sahihi, akapapasa meza kutafuta kalamu. Mimi nilikuwa nayo mfukoni. Mdogo wangu alisubiri mpaka mwalimu akaipata yake, akainama, akaanza kuandika jina lake lote, herufi moja baada ya nyingine, na wazazi waliokuwa nyuma wakangoja.